Uzi Mwekundu kwenye Waya wa Chini

Shemeji Ochieng',

Miaka yote hii nimekuwa nikikuandikia "shemeji yangu mpendwa" kwenye kadi za Krismasi, na kila mara mkono ulisita kwenye neno hilo la mwisho. Leo nimeliacha. Usidhani nimesahau adabu. Nimechoka tu kuandika nisichokimaanisha.

Nasikia uko Kehancha kwa binti yako na kwamba magoti yanakusumbua. Pole. Mimi nimebaki mtu wa kitanda na kiti. Kiti wamekiweka dirishani, nikikaa naiona ghuba ya Homa Bay mpaka kule maji yanapokutana na mawingu. Daktari anayenitazama nilimfundisha fizikia Migori. Nilimwuliza swali moja, naye akanijibu kama nilivyomfundisha kujibu, bila kupamba: "Moyo umechoka, Mwalimu." Basi.

Tangu siku hiyo wanangu wanapanga mambo sebuleni kwa sauti ya chini, wakidhani masikio yangu yametangulia kufa.

"Anko Ochieng' lazima aongee," mkubwa alisema Jumapili. "Yeye ndiye atatuambia habari ya zile ndege. Hakuna mtu anamjua mzee kama Anko."

"Atatuchekesha," mdogo akajibu. "Ile hadithi ya mbuzi!"

Nilitaka kukohoa ili wajue niko macho. Sikukohoa. Nilitazama dari nikakuona umesimama karibu na jeneza langu, kipaza sauti mkononi, watu wakikungoja ufungue kinywa. Wewe unajua kwetu mtu hazikwi kimya. Anachokisema shemeji siku hiyo ndicho watu hurudi nacho nyumbani, na baada ya mwaka kinakuwa ndiyo kweli. Hilo ndilo lililoninyanyua kitandani nikaomba kalamu. Sitaki mtu aliyewahi kunidanganya mbele ya uwanja mzima awe ndiye wa mwisho kunisemea.

Lakini siwezi kulifikia jambo lenyewe bila kupita kwenye uzuri uliokuwapo kabla yake. Huo ndio ubaya wa kusalitiwa na mtu uliyempenda: njia ya kwenda kwenye kidonda inapita katikati ya shamba lenu.

Unalikumbuka sanduku la yule Mholanzi wa visima? Ilikuwa miaka ile ya tisini gugumaji lilipoziba ghuba, wavuvi wakawa wanatazama maji ya kijani kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao. Mradi wake uliisha, akaja kutuaga Migori. Wewe ulikuwa fundi kwenye karakana ya kiwanda cha sukari Awendo, umemwoa dada yangu Akinyi juzi tu, na kila Jumamosi ulikuja kwangu kwa baiskeli kwa sababu uligundua kwamba mimi na wewe tulikuwa na ugonjwa mmoja: kufungua vitu kuona ndani kuna nini. Mholanzi akatuita uwanjani, akaturushia ndege yake mara moja, kisha akaifunga na kuondoka nayo. Sisi akatuachia sanduku.

Ndani mlikuwa na injini mbili, kila moja ndogo kuliko ngumi ya mtoto. Mlikuwa na nyaya mbili nyembamba za chuma, ndefu kuvuka darasa mara mbili, na mpini mmoja wa mbao wa kuzishikia. Ndege ya aina hii haiendi mbali. Inamzunguka mtu aliyesimama katikati, akiwa ameishika kwa nyaya hizo mbili. Ukiinua mkono, waya mmoja unavuta, usukani wa mkia unapanda, na ndege inapanda. Ukishusha mkono, waya wa pili unavuta, nayo inashuka. Hakuna redio, hakuna uchawi. Ni mkono wako tu na kitu kinachotaka kwenda.

Injini moja ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa imekwama, pistoni haisogei. Ukaichukua uende nayo karakana. Baada ya wiki chache ukaniambia, "Hiyo imekufa, Mwalimu. Nimeitupa." Sikuwa na sababu ya kutokukuamini.

Mbao ndizo zilitushinda. Ule mti mwepesi wa Mholanzi hatukuwa nao. Tulijaribu vibao vya masanduku ya chai, tukajaribu nguzo za mkonge, na ndege yetu ya kwanza ikakimbia uwanjani kama kuku aliyekatwa kichwa, bila hata siku moja kuiacha ardhi. Ndipo tukaenda Mbita kumsalimu mama yako. Nilikuwa nimekaa ufukweni na baba yako mdogo, nyavu zimeanikwa, nikaokota boya moja ili nipate mahali pa kuweka mguu. Liliinuka mkononi kama halipo.

"Mzee," nikamwuliza, "hii ni mti gani?"

"Orindi. Inaota ndani ya maji. Watoto wanafanya nayo mtumbwi, sisi tunafunga kwa nyavu. Kwani Mwalimu unataka kuvua?"

"Nataka kuruka."

Alinitazama, kisha akakugeukia wewe. "Ochieng', hawa watu umeoa kwao, wako sawa kichwani?"

Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. Lakini ulipofunga ule mzigo wa maboya nyuma ya baiskeli ulisema neno ambalo sijalisahau. Ulisema, "Mimi nimezaliwa kwa hii mti, na sijawahi kuiona." Yalikuwa maneno yako mwenyewe, Shemeji. Yashike. Nitayarudia.

Hivyo ndivyo ndege yetu Mbayuwayu alivyozaliwa. Mbavu za bawa tulizikata kwa wembe kutoka kwenye maboya ya Mbita, tukazigandisha kwa gundi, tukazivika karatasi ya kahawia ya kufungia nyama, tukaipaka vanishi mpaka ikakaza kama ngoma. Mafuta niliyachanganya mwenyewe: mafuta ya taa, mafuta ya nyonyo, na etha niliyoiomba maabara. Harufu ile! Mke wangu alikataa kufua mashati yangu pamoja na ya watoto. Nawe kidole chako cha shahada kilikuwa na kovu juu ya kovu kwa kuzungusha panga la mbele ili injini iwake, maana ilikuwa ikiwaka kwa hasira na kurudisha.

Uzi mwekundu ulitoka kwenye kikapu cha kushonea cha Akinyi. Mimi ndiye niliyeuomba, kwa sababu niliogopa kosa moja kuliko yote, kosa ambalo kila anayerusha ndege hizi hulifanya mara moja: kubadilisha nyaya. Waya wa juu ukifungwa mahali pa waya wa chini, kila kitu kinageuka. Unainua mkono ili uiokoe, ndiyo unaiua. Basi tukaweka sheria. Waya wa juu una uzi mwekundu upande wa mpini, una uzi mwekundu mwishoni mwake, na kwenye bawa ndoano yake ina uzi mwekundu. Nyekundu kwa nyekundu. Na bado hatukuridhika. Kabla ya kuruka, mimi niko katikati na mpini, wewe umeinama kule mwisho wa nyaya umeishika ndege, macho yangu hayawezi kuuona usukani kwa mbali vile. Nainua mkono, wewe unautazama na kuniambia ulichokiona.

"Juu!"

Nashusha.

"Chini!"

"Sawa?"

"Sawa, Mwalimu!"

Ndipo unaachia. Kila Jumamosi, Ochieng'. Sijui kama umewahi kufikiri ile ilikuwa nini. Mtu aliyeko katikati hana macho yake mwenyewe. Ana ya yule aliyeinama kwenye nyasi.

Siku ya kwanza Mbayuwayu aliporuka, nusu ya shule ilikuwa imezunguka uwanja. Nyaya zikakaza, mpini ukanivuta, nikausikia uzito wake mpaka begani, kitu hai kabisa. Nikazunguka nacho, nikazunguka, na wewe unapiga kelele, "Usiangalie nyasi! Angalia ndege! Ukiangalia dunia itakuzungusha!" Wanafunzi wakaanza kuimba kitu, kisha mmoja, yule mtundu wa kidato cha tatu, akapaza sauti: "Mwalimu amefunga ndege kamba kama mbuzi!" Uwanja ukalipuka. "Mwalimu, mpeleke kwingine, hapo majani yameisha!" Ulipochukua mpini zamu yako uliisahau dunia vizuri, ila mafuta yalipokwisha na ndege ikatua, dunia ikakukumbuka. Ukaenda hatua chache ukiegemea upepo, ukaanguka, ukatapika maandazi yote. "Na mchungaji naye amelewa!" wakasema. Hiyo ndiyo hadithi ya mbuzi ambayo wanangu wanataka uwasimulie. Ni nzuri. Nimeicheka peke yangu wiki hii mpaka nikakohoa.

Ninajua pia kilichokuwa kikikula, maana nimekuwa na muda mrefu wa kukitafuta. Watu walianza kuja kutazama, na kila aliyekuja aliuliza ndege ya Mwalimu. Wewe walikuita mshikaji. "Mshikaji wa ndege amefika?" Siku moja kwenye chumba cha walimu, nikiwa na furaha na sifikiri, nilikutambulisha: "Huyu ni shemeji yangu, msaidizi wangu." Niliona taya lako likikaza kidogo, kama waya. Ningeweza kusahihisha. Sikuona uzito wake. Nakubali nilikuumiza hapo. Lakini mtu akikukanyaga kwa bahati mbaya, humjibu kwa kumsukuma shimoni.

Ikafika siku ya maonyesho. Yule mgeni wa klabu ya ndege za mfano ya Nairobi alikuwa ameandika kwamba atapita Migori, ataona tunachofanya, na atamwalika mmoja wetu akarushe mbele ya klabu yao. Nilimjengea Mbayuwayu bawa jipya. Sikulala vizuri wiki nzima, nilikuwa kama mtoto anayengoja Krismasi. Akinyi hakuja, alikuwa amejifungua binti yako huyu unayekaa kwake sasa. Uwanja ulijaa. Kulikuwa na kikundi cha kwaya, wauza miwa kutoka Awendo, wazee wa bodi wamekaa kwenye kivuli cha turubai, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti ambaye hakunyamaza tangu asubuhi.

Nilisimama katikati. Wewe ulifunga nyaya kwenye ndege kama kawaida, ukaiwasha injini, ukainama. Nikainua mkono.

"Juu!" ulisema.

Nikashusha.

"Chini!"

"Sawa?"

Hapo jibu lilichelewa. Nilidhani kelele za injini zimelimeza. "Sawa, Mwalimu!"

Ukaachia. Mbayuwayu akakimbia kwenye nyasi, nikampa juu kidogo, kama ninavyofanya siku zote. Akainamisha pua. Nikaongeza. Mtu akiogopa huinua mkono zaidi, Shemeji, ndivyo mwili ulivyo, nawe ulilijua hilo. Nilipoinua mkono wote juu ya kichwa, ndege ikajipigiza chini, ikapinduka, panga likavunjika, na lile bawa jipya nikalisikia likipasuka kutoka pale nilipokuwa.

"Mbuzi amekufa!" mtu akasema. Walicheka, na sikuwalaumu.

Nilikwenda nikapiga magoti kwenye mabaki. Nilidhani wewe ungekuja. Ulikimbia upande mwingine, kwenye pikapu ya rafiki yako wa kiwandani, ukafunua magunia, ukatoa ndege.

Bado naiona. Bawa la Mbayuwayu, kipimo kwa kipimo, nililolichora mimi kwenye meza yangu. Mbavu za orindi. Injini ya pili, ile uliyoniambia imekufa, ikiwa imesuguliwa inang'aa. Na bawa lote limevikwa kitambaa chepesi cha buluu ambacho nilikitambua kabla sijataka kukitambua. Kilikuwa kilemba cha Akinyi. Mimi ndiye niliyemnunulia kwa ajili ya harusi yenu.

Hatukuwa na nyaya nyingine wala mpini mwingine. Kwa hiyo ilinibidi mimi mwenyewe nizifungue kwenye mabaki ili uzitumie. Nikainama, nikashika ndoano. Nyekundu ilikuwa kwa nyekundu, kama sheria yetu. Ila uzi wa kwenye bawa ulikuwa umehama. Ulikuwa umefungwa kwenye ndoano ya waya wa chini, na umefungwa kwa lile fundo la nyavu ulilofundishwa Mbita, lile la kuzungusha mara mbili ambalo ulijaribu kunifundisha nikashindwa. Mimi sijui kulifunga hadi leo.

Nilibaki nimeinama. Nilijiambia: amekosea. Uzi ulilegea, akaufunga upya kwa haraka, akachanganya. Fundo linaweza kukosea. Nilitaka sana fundo liwe limekosea. Lakini sauti yako haikukosea, Ochieng'. Nilipoinua mkono, usukani ulishuka mbele ya macho yako, upana wa kiganja kutoka usoni pako, nawe ukasema "Juu."

Ndipo ukaja na ndege yako. "Mwalimu," ukaniambia, hukunitazama, "nishikie."

Nikakushikia. Hilo ndilo nataka ulijue kuliko yote. Nilizifunga nyaya zako mahali pake. Niliinama kwenye nyasi pale pale ulipokuwa umeinama wewe. Ukainua mkono, usukani ukapanda, nikasema "Juu," kwa sababu ulipanda. Ukashusha, nikasema "Chini." Ungeniuliza chochote siku hiyo ningekudanganya, lakini hilo hapana. Ukaruka. Uliruka vizuri kuliko nilivyowahi kuruka, sikukatalii. Kilemba cha dada yangu kilipita juu ya kichwa changu duru baada ya duru, na mgeni wa Nairobi alisimama akapiga makofi.

Bwana wa kipaza sauti akakukimbilia. "Wewe ndiye fundi mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Na hii mti nyepesi hivi, mliitoa wapi?"

"Niliitoa kwetu Mbita. Nimezaliwa nayo, nikaona inaweza kuruka."

"Na Mwalimu hapa?"

"Mwalimu ni shemeji yangu," ukasema, na spika zikalipeleka neno mpaka barabarani. "Ananisaidia kushika."

Uliitwa Nairobi, ukaenda. Ukarudi na jina. Mpaka leo nikipita Awendo, au nilipokuwa bado napita, wazee wa rika letu huniuliza, "Rubani hajambo?" Wana maana wewe. Hawajui kwamba mimi nimewahi kushika mpini. Sikurusha tena. Mabaki ya Mbayuwayu niliyachoma nyuma ya jiko, na mke wangu akafikiri ni hasira za kushindwa.

Utauliza mbona sikusema. Ningemwambia nani? Ningekwenda nyumbani kwa dada yangu, ana kichanga cha wiki mbili mapajani, nimtukane mume wake mbele ya wakwe? Ungekana, ningesisitiza, wazee wangeitwa, na mwishowe nyumba ambayo ingepasuka ni ya Akinyi. Wewe ulijua kwamba shemeji hawezi kumshika shemeji koo. Ulifunga fundo lako ndani ya heshima yetu, ukajua halitafunguliwa.

Lakini hata hilo, Ochieng', ningeweza kulibeba. Ndege ni orindi na karatasi. Kuna jambo jingine ambalo wewe hulijui, na ndilo linaloniua kabla ya moyo.

Ni kile kilemba. Nilipokiona kwenye bawa lako nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba Akinyi alijua. Hukati kilemba cha harusi cha mke wako bila yeye kukupa. Basi alikaa nyumbani akakusaidia kuificha. Dada yangu niliyembeba mgongoni! Sikumwuliza. Sikuweza kumwuliza bila kufungua yote. Nikaanza tu kupita. Nilipita Awendo nikielekea Kisii, nikapita nikirudi, na sikukata kona ya kwake. Akinitumia salamu nilijibu salamu. Alikuwa akipika samaki wa ngege akiningoja, niliambiwa baadaye na mke wangu, anaweka sahani, anaifunika, jioni anawapa watoto. Mara moja alinikuta sokoni Migori akanishika mkono. "Kaka, nimekukosea wapi?" Nikasema, "Kazi tu, Akinyi. Kazi nyingi." Miaka ikaenda hivyo, karibu thelathini.

Mwaka jana, alipolazwa, nilikwenda. Nilikuwa bado natembea kwa fimbo. Wewe ulikuwa umetoka kutafuta dawa. Alikuwa amekonda mpaka nikamwona mama yetu usoni pake. Tulikaa. Kisha akatabasamu.

"Kaka, ile kilemba yangu ya buluu. Iliruka vizuri?"

"Kilemba gani?"

"Si ile uliyoninunulia. Ochieng' alikuja akaniambia anakujengea ndege ya pili kisirisiri, nisikuambie, anataka kukushtua siku ya maonyesho. Akasema anataka kitambaa chepesi. Nikamwambia chukua kilemba, ni Kaka alininunulia, acha irudi kwake." Akapumzika, pumzi ilikuwa inampa shida. "Akasema yako ilianguka, akakupa hiyo hapo hapo, nawe ukamwambia airushe yeye. Lakini wewe hukuwahi kuniambia asante. Nikafikiri hukuipenda."

Nilikaa nimeshika fimbo. Miaka yote ile. Hakuwa amekusaidia kuficha chochote. Alikuwa amenipa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mimi nikamwadhibu kwa hilo mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

"Ulipewa, Kaka?"

Aliniuliza hivyo, Ochieng', akinitazama, na macho yangu ndiyo pekee yaliyokuwapo. Hakuwa na mwingine wa kumwambia kilichotokea kule mwisho wa nyaya.

"Nilipewa," nikasema. "Iliruka vizuri sana. Asante, Akinyi."

Alifumba macho, akanipapasa mkono kama mtoto. Tulimzika mwezi huo. Wewe ulizungumza, ukalia, watu wakasema hawajaona mume kama yule. Mimi nilisimama nyuma.

Basi na mimi ni mwongo sasa. Nimesema "Sawa" wakati usukani ulikuwa umeshuka. Hilo ndilo ungamo ninalokwenda nalo mbele za Mungu: kwamba nilimwacha dada yangu mpweke kwa kosa lisilo lake, kisha nikamdanganya kitandani ili afe akiwa na mume mwema. Sijuti kumdanganya. Najuta miaka. Miaka hiyo ni yangu, nitaijibia. Lakini wewe ndiye uliyekishona kilemba kile kwenye bawa lile, ukaniacha nikitazame, ukajua nitafikiri nini. Au hukufikiri kabisa. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nimejaribu kukusamehe. Mchungaji amekuja hapa mara kadhaa, na kila mara nimeinua mkono, na kila mara kitu ndani yangu kimeinamisha pua. Labda nyaya zangu nazo zilibadilishwa siku ile. Nitaendelea kujaribu kwa siku nilizobakiwa nazo, lakini sitaki kukuahidi nisichokiona.

Akinyi ametangulia. Nyumba yake haiwezi kupasuka tena. Ndiyo maana bahasha hii sitaifunga. Atakayeibeba akitaka kuisoma, aisome. Uongo ule ulisemwa kwenye spika, ukweli wake hauna sababu ya kunong'ona.

Sikuombi usije. Njoo. Mpini ule ninao, ulinirudishia ulipotoka Nairobi na wako mpya; uko kwenye droo karibu na kichwa changu, na uzi mwekundu wa Akinyi bado umo, umefifia tu ukawa kama kutu. Nimemwagiza mkubwa wangu akupe mkononi kabla hujasimama, na usimame nao. Wasimulie hadithi ya mbuzi, wacheke, nataka wacheke. Wasimulie maandazi. Kisha ukifika kwenye siku ya maonyesho, fanya kazi uliyoifanya vizuri kila Jumamosi isipokuwa moja. Mimi nitakuwa nimelala hapo mbele yako, sina macho tena. Tazama, halafu useme ulichokiona. Kilichopanda, sema kilipanda. Kilichoshuka, sema kilishuka.

Na kama neno halitoki, rudisha mpini, ukae. Wasiojua watasema umezidiwa na machozi.

Nisalimie binti yako. Mwambie kwamba siku zile alipozaliwa yeye, mama yake alinitumia zawadi, nami nikachelewa sana kuipokea.

Kwaheri, Ochieng'.

Kaka yake Akinyi